Sanduku Lenye Kufuli Nne

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Iko mithali tuliyoirithi kwa wazee, nayo yasema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yafaa kumwonya mvivu, kama Mtume Paulo naye alivyowaonya wavivu wa Thesalonike. Lakini wako watu wamtupiao mithali hii mjane, na mgonjwa, na mzee aliyeishiwa nguvu. Hapo si onyo tena, bali jiwe. Maana ni nani kati yetu asiyetegemea cha nduguye? Tulizaliwa uchi, tukanyonyeshwa, tukabebwa mgongoni. Na siku ya mwisho mikono ya wengine itatuchukua mpaka kaburini. Katikati twajidhania kuwa wenye nguvu, nazo ni siku chache.

Basi na tulitazame kanisa la kwanza kule Yerusalemu. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yalipotokea, Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuona yatosha kuwahimiza watu wawe na huruma. Waliwakusanya wanafunzi, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Tena angalieni majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Kazi ile ilikabidhiwa kwa watu wawezao kuwasikia wale waliosahauliwa. Hivyo utunzaji ukawa kazi ya kanisa zima, yenye wasimamizi wake, wala haukuachwa kwa hisani ya mtu mmoja mmoja.

Baba zetu wa Matengenezo ya Kanisa walilifahamu neno hilo. Mwaka 1523 Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Ujerumani, walipatana kuweka sanduku la jumuiya, naye Martin Luther akaiandikia kanuni yao dibaji. Katika sanduku hilo wangetunzwa mchungaji na walimu, wazee wasiojiweza, yatima na maskini. Tena nafaka iwekwe akiba kwa siku za njaa. Wasimamizi wawe 10: makabaila 2, watu wa baraza la mji 2, wenyeji wa mji 3, na wakulima wa vijijini 3. Sanduku liwe na kufuli nne, kila kundi na ufunguo wake. Kabaila asiweze kulifungua pasipo mkulima, wala mkulima pasipo kabaila.

Lakini baraza la mji halikutaka kuzitoa mali lililozishika, hata Luther akamwandikia mtawala wa nchi, na shauri lile jema likakwama. Kanuni pasipo upendo ni sanduku tupu. Nao upendo pasipo kanuni humfikia yule tu aliye karibu na mlango wetu.

Je, sisi? Mara nyingi katika mabaraza yetu twaanza na mabati, kengele na kiwanja. Habari za wagonjwa na wajane huja mwisho, watu wamekwisha kushika kofia zao. Hata wakuu wa nchi wapangapo fedha za serikali, mara nyingi mnyonge hupewa kilichosalia. Yatupasa kuugeuza utaratibu huu. Wazee wa kanisa na waalimu wa mitaa, neno la kwanza barazani na liwe hili: Ni nani aliyesahauliwa? Jina lake liandikwe, na mtu atajwe atakayekwenda kwake. Baraza lijalo aulizwe alivyomkuta. Na miongoni mwa washika funguo awepo mmoja aliyewahi kupokea.

Wala mpokeaji asione haya. Bwana wetu mwenyewe alitunzwa na wanawake kwa mali zao, aliomba maji kisimani kwa Msamaria, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Yeye aliye Bwana wa wote hakuona aibu kutegemea cha nduguye. Basi sisi ni nani hata tuone aibu, au kumwaibisha mwingine?

Neema yake iwe pamoja nanyi nyote. Amina.