TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: NANI KAKWAMBIA?

Poleni na swaumu, na poleni zaidi mliotoka majarubani na jua hili.

Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinishika mkono pale nje, akaniuliza: "Ustadhi, nitamtegemeaje Allah wakati sielewi anachofanya?" Watu walikuwa wananisubiri, nikamjibu haraka haraka kwamba aende akasome kisa cha Nabii Musa na Khidhr kwenye Suratul Kahf. Akashukuru, akaondoka. Usiku sikulala vizuri, maana jibu hilo hilo nilishawahi kulitoa mahali, na lilimuumiza mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha huku bondeni, mtoto wa miaka minne aliteleza kwenye gogo la kuvukia mfereji. Maji yakamchukua. Tulimzika siku ile ile. Jioni nikaenda kumpa pole mama yake, nikijiona nina elimu ya kumfariji. Nikamsimulia jahazi lililotobolewa, nikamsimulia ule ukuta, nikafika kwa yule kijana aliyeuawa kwa kuwa Allah alijua angekuja kuwatia wazazi wake katika uasi. Nikamalizia: "Pengine na huyu wako, mama yangu, Allah amekuepusha na jambo."

Aliniangalia muda mrefu. Hakupiga kelele. Akasema: "Ustadhi, nani kakwambia?"

Ndugu yangu, hebu twende polepole hapa, maana kisa hiki tunakisoma kila Ijumaa na tunakipita. Khidhr alijua kwa nini lile jahazi litobolewe, kwa sababu Allah alimjulisha kuwa nyuma yao yupo mfalme anayepora kila jahazi zima. Alijua kwa nini ukuta usimamishwe katika mji ambao watu wake waliwanyima hata chakula, kwa sababu alijulishwa kuwa chini yake ipo hazina ya mayatima wawili. Na mwisho anasema wazi kwamba hakuyafanya kwa amri yake mwenyewe. Alikuwa na habari kutoka kwa Mola wake. Mimi nilipokaa kwenye ule mkeka nilikuwa na habari gani? Nilikuwa na kofia na kanzu tu.

Katika kisa kile sisi tuko upande wa Musa. Tena Musa kabla ya kufunuliwa, Musa anayeona jahazi la maskini linatobolewa na moyo wake unakataa. Wengine husema Musa alikosea kuuliza. Mimi naona alikosa subira kwa sababu aliahidi kusubiri, lakini kushtuka kwake mbele ya damu ya mtu asiye na hatia kulikuwa ni imani ile ile. Hebu mfikirie Musa asiyeshtuka. Ungemfuata?

Kosa langu ni kwamba niliona kumtegemea Allah ni kuwa na maelezo yake mfukoni, nikayagawa kama pipi. Huko si kutegemea. Mtu aliyepewa maelezo yote anategemea nini tena?

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016. Rujewa kwetu hapa Mbarali ilijaa watu, wanafunzi kwa wageni, miwani ya giza usoni, kuangalia jua linavyopatwa mpaka likabaki kama pete angani kuelekea saa sita mchana. Wengine tulikuwa tunaswali swala ya Kusuf. Na mnakumbuka maneno yaliyozunguka mitaani: ni dalili ya hiki, ni adhabu ya kile.

Sasa rudi nyuma mpaka Madina, mwaka wa 10 Hijria. Mtume wetu (s.a.w.) amefiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria, mtoto ambaye hata miaka miwili hajafikisha. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Fikiria baba mfiwa anapewa maelezo matamu kiasi hicho, kwamba mbingu zenyewe zinamlilia mwanawe! Angenyamaza tu, nani angemlaumu? Lakini akasimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Aliikataa sababu ambayo Allah hakuitoa, hata ilipokuwa inamtukuza mwanawe. Na kwa mtoto mwenyewe alilia, machozi yakamtoka mbele za watu. Abdurrahman bin Auf akashangaa, naye akamweleza kuwa hiyo ni rehema, kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola.

Basi huo ndio mpaka alioweka. Kulia kumo. Kutoelewa kumo. Kumsemea Allah asichosema hakumo.

Kwenye misiba yetu hapa Madibira, sisi na majirani zetu Wakristo tunasema maneno yale yale: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, na mimi nayasema. Lakini kuna anayeyasema akiwa amekaa chini na mfiwa, na kuna anayeyasema ili mfiwa anyamaze. Wenzetu hao katika Biblia wana kitabu kizima cha Ayubu, ambamo marafiki wanamjia mgonjwa kumweleza sababu ya mateso yake, na mwisho Mungu anawakasirikia hao waelezaji. Sisi Nabii Ayub tunamjua kwa subira yake, na tunajua pia kwamba alimlalamikia Mola wake moja kwa moja kuwa dhara imempata. Kumlalamikia Yeye si sawa na kumlalamikia mtu.

Nirudi kwenye lile gogo. Wiki moja baada ya maziko, vijana wa kile kijiji walileta mbao wakajenga kivuko kipana, chenye mahali pa kushika mkono. Mzee mmoja akaninong'oneza kuwa hawa ni kama wanabishana na kadari. Nikamkumbusha habari ya Sayyidna Umar. Alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, kama mchungaji anayewatoa ngamia upande mkavu akawapeleka upande wenye majani. Mzee akanyamaza. Siku hizi naye anapita kwenye hizo mbao, tena anashika vizuri kabisa.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna uvivu umejificha ndani ya neno tawakkul. Gogo bovu si fumbo. Mtu akifungua maji usiku zamu ya mwenzake, jaruba la mwenzake likakauka, usiende kumwambia aliyeibiwa kuwa Allah ana makusudi yake. Mtafute aliyefungua maji. Fumbo linaanza baada ya wewe kufanya sehemu yako, na mkulima wa mpunga analijua hili kuliko sisi wenye vitabu. Umekopa mbolea, umepandikiza, maji ya Ndembera yameshuka kutoka Iringa mpaka kwenye mfereji wako, na bado hujui kama kwelea kwelea watapita kwako au kwa jirani. Unaamia ndege kutwa nzima na njaa ya swaumu. Halafu jua linazama, unashika tende, unasema alhamdulillah, na mpunga haujavunwa.

Wewe kijana wa jana, najua unasoma hapa. Jibu langu lilikuwa fupi mno, unisamehe. Kisome kisa chote, lakini kisome ukijua wewe si Khidhr, na mimi pia si yeye. Ukiwa na swali, lipeleke kwenye sijda ya usiku wa leo kama lilivyo, bila kulipamba.

Kuhusu yule mama, nilichelewa sana kumwendea. Nilikwenda Ramadhani iliyofuata, na futari mkononi, nikamwambia kuwa siku ile nilisema nisichokijua. Akasema yamekwisha. Akanikaribisha uji, tukakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama shamba langu lilishapata maji.

Wallahu aalam. Kesho inshaallah darsa ni baada ya Alfajiri.