Chumba cha Kufulia ni cha Nani?

Tangu korosho za msimu uliopita ziuzwe mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, familia yetu inajadili jambo moja: kuongeza chumba cha kufulia kwenye nyumba ya wazazi wetu, Nachingwea. Nyumba yenyewe ni kama nyingi za huku. Vyumba vitatu na sebule. Uani kuna jiko, choo, na kipande cha sakafu ya saruji chenye bomba la kimo cha goti. Hapo ndipo nguo zinapofuliwa. Fundi ameshatoa makisio, kaka ameshauliza bei ya mashine, na mimi, kwa kuwa nilisoma ujenzi kidogo, nimepewa kazi ya kuchora. Nimekwama kwenye swali ambalo fundi hawezi kunijibia: tunamjengea nani?

Anayefua ni binti wa miaka 23 anayemsaidia mama kazi. Udongo wetu ni mwekundu, na msimu wa mabibo unaleta doa ambalo likishakauka halisikii sabuni. Jumamosi moja nilihesabu ndoo: nane, kufua na kusuuza. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Nane ni kilo 160, zimenyanyuliwa na mgongo mmoja ulioinama tangu asubuhi hadi adhuhuri, juani.

Jibu la haraka ni mashine, na si jibu la kupuuza. Hans Rosling, daktari na mwanatakwimu wa Sweden, alisimulia mwaka 2010 jinsi mashine ya kufulia ilivyompa mama yake muda wa kwenda maktaba na kumsomea vitabu. Muda ni uhai. Anayemrudishia mtu muda amempa kitu kikubwa. Lakini mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alikuwa ameonyesha upande wa pili: vifaa vya umeme vilipoingia majumbani, kazi ya wanawake haikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu kiwango cha usafi nacho kilipanda.

Ruangwa nimeyaona yote mawili kwa dada yangu. Ana chumba cha kufulia chenye vigae na mashine. Shati lililovaliwa saa mbili siku hizi linaitwa chafu. Na siku ambazo maji hayana nguvu ya kupanda, msichana wake anaijaza mashine kwa ndoo. Mgongo ni uleule, ila sasa umeinama juu ya vigae.

Nachingwea tuna historia na mashine zinazotangulia maswali. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta hapa Mpango wa Karanga. Matrekta yalikuja, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Reli ikajengwa kutoka pwani. Mipango ilichorwa kabla udongo na mvua havijaeleweka, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Chumba chetu ni kidogo mno kulinganishwa na balaa lile, lakini tabia ni moja. Kwenye makisio ya fundi vipimo vya mashine vipo vyote: upana, kina, kimo, mahali pa soketi. Kipimo cha binti hakipo.

Hapa kuna jambo tunalolijua tangu utotoni bila kulifikiria. Kila mmoja wetu alifundishwa kwamba nguo ya ndani hufuliwa na aliyeivaa. Kumwachia mtu mwingine ni aibu, hata kama unamlipa. Kwa hiyo tunakubali kuwa uchafu wa mwili wangu una mwenyewe. Kwa nini basi kanuni hiyo iishie kwenye chupi, isifike kwenye kola ya shati?

Mama ana jibu, na ni jibu zito: watu husaidiana. Nguo za bibi yetu alipokuwa mgonjwa zilifuliwa na wengine, na hakukuwa na aibu yoyote. Kufua kwa ujira ni kazi halali. Ukimwondolea mtu kwa jina la utu, umemwondolea na mkate. Nakubali. Siamini kwamba kila mtu lazima afue kila kitu chake. Ninachoamini ni hiki: kazi ninayomkabidhi mwingine ifanyike mahali ambapo mimi mwenyewe, nikipangiwa zamu Jumamosi, ningekubali kufanyia.

Kwa kipimo hicho, sakafu yetu ya saruji imeshindwa. Kwa hiyo nilimuuliza binti anataka nini. Hakutaja mashine kwanza. Alitaka karo la kufulia akiwa amesimama, koki juu ya karo, paa, na kamba ya ndani kwa siku za masika. Na alitaka upande mmoja ubaki wazi, kwa sababu akifua huongea na majirani, na kufungiwa chumbani peke yake na rundo la nguo si nafuu.

Mama hakufurahia upande wazi. “Mwanangu, nguo mbichi si pambo la nyumba,” aliniambia. Tumekubaliana ukuta wa matofali ya matundu: mgeni wa sebuleni haoni nguo, anayefua anaona uani. Sakafu itainama kuelekea mtaro. Maji ya sabuni yaende kwenye shimo la mawe, mbali na kisima cha jirani. Nafasi ya mashine imeachwa, na simtanki litainuliwa ili siku mashine ikija isijazwe kwa ndoo.

Limebaki la mshahara. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri. Mashine aliyoichagua kaka ni ghali kuliko fedha hizo kwa mwaka mzima. Ukiziweka bei mbili hizi kwenye karatasi moja, ni vigumu kusema kwamba hatuna uwezo. Nimeziandika nyuma ya mchoro mpya ili zijadiliwe kikao kimoja. Mbele ya mchoro kuna kipimo kilichokosekana kwenye makisio: sentimita 85 kutoka sakafuni hadi ukingo wa karo. Fundi aliuliza nimekitoa kitabu gani. Nilimwambia amuulize binti, ndiye aliyeshika futi.