Tawakali na Mkanda wa Mtoto

Iko mas'ala ambayo wanazuoni wa kale hawakupata kuulizwa kwa sura yake ya leo, kwa kuwa motokaa hazikuwako, lakini ambayo maana yake walikwisha kuijibu: je, mzazi anayempakata mtoto wa miaka miwili kwenye kiti cha mbele, akasoma dua ya safari, kisha akanena kwamba hapatwi ila aliyeandikiwa, amemtegemea Mwenyezi Mungu, au amemrudishia Mwenyezi Mungu kazi aliyokabidhiwa yeye? Msingi wa maneno yake ni wa kweli, maana kila nafsi ina siku yake. Kosa limo katika hukumu anayoitoa humo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza habari za tawakali katika kitabu chake Ihyaa, aliyagawa masebabu mafungu matatu: ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu, ya dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu, na ya wahamu tu, na anayengojea kushiba bila kuunyosha mkono kwenye chakula alimhesabu kuwa mwendawazimu, si mcha Mungu. Mkanda tuuweke fungu lipi? Gari liendalo kilometa 50 kwa saa likizuiwa ghafula na mti, asiyefungwa huendelea na mwendo ule ule, na pigo limpatalo ni sawa na la mtu aliyeanguka kimo cha karibu mita 10, yaani kutoka roshani ya ghorofa ya tatu. Wala hakuna mikono ya mama, ijapokuwa na mapenzi kiasi gani, iwezayo kumzuia mtoto katika nukta hiyo. Aidha, kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa shingo yake changa, ndiyo sababu mafundi wakamtengenezea kiti kinachotazama nyuma, ili kishindo kitawanyike mgongoni kisiiangukie shingo peke yake. Basi anayetundika hirizi kwenye kioo na kuuacha mkanda umelala ameshika la wahamu akatupa lililo karibu na yakini.

Tena tunaye baba wa kumfuata. Nabii Yakubu, alipowaaga wanawe kwenda Misri, aliwausia wasiingie kwa mlango mmoja bali kwa milango mbalimbali, na papo hapo akakiri kwamba wasia wake hauwezi kuzuia chochote alichokadiria Mola, na kwamba tegemeo lake ni Yeye. Mzee huyu, aliyekwisha kuonja machungu ya kupotelewa na Yusufu, hakuona kinyume baina ya tahadhari na imani.

Lakini iko mas'ala ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mtoto hataki kufungwa: anajipinda, anapiga mateke, analia hadi sauti inakauka. Kwa haki gani tunamfunga asiyeridhia? Kwa haki ya uwalii, kwa kuwa hajafikia umri wa kujichagulia. Na kama mlezi wa yatima haruhusiwi kuihatarisha mali aliyowekewa amana, sembuse roho. Walakini kila mamlaka huja na deni lake, na aliyemnyima mtoto uhuru wa viungo anadaiwa raha yake. Kilio chake aghalabu ni mashtaka ya kweli: bizimu ya chuma iliyoachwa juani imemuunguza paja, nayo ingefunikwa kanga isingemuunguza; au nguo zimelowa, au kiu imemshika. Wala mkanda usilegezwe kwa huruma. Ukivutwa usibakishe kifuani ila nafasi ya kidole. Katika njia ya Segera kwenda Tanga, mwenye kujua wajibu wake husimama Muheza penye machungwa, akamteremsha mtoto akimbiekimbie kivulini na kunywa maji, ijapokuwa safari itachelewa. Wala hamwachi ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kupatana bei, kwani joto humzidi mtoto upesi kuliko mtu mzima. Na asiye na uwezo wa kununua kiti hakukalifishwa asiloliweza; lakini kumkalisha mtoto nyuma na kumsihi dereva apunguze mwendo hakuhitaji fedha.

Tukiisha kutenda hayo, haja yetu kwa Mungu haikupungua hata chembe. Mpira wa gurudumu huweza kupasuka, na dereva wa lori linalokuja mbele tusimjue ameamkaje. Ndipo dua inapopata mahali pake, kwa maana aliyetimiza sehemu yake ndiye ajuaye uwezo wake umekoma wapi, na anachokiomba ni kipi. Naye, likimfika la kumfika, anaweza kusema kwamba limeandikwa. Lakini aliyeuacha mkanda makusudi, kabla hajaitaja kadari, na aulizwe kwanza habari za amana.