Kalenda Yenye Nauli

Ingia saluni ya kiume yoyote Kariakoo na uangalie ukutani. Utakuta kalenda ya mwaka juzi bado imening'inia. Tarehe zilishapita, ila picha inapendeza, basi imeachwa. Mara nyingi ni maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, au milima yenye theluji ambayo si Kilimanjaro. Kinyozi anaitazama kutwa nzima, na ukimuuliza ni wapi, anacheka.

Mimi nagawa za kwangu. Nikisafiri napiga picha kwa simu. Mwisho wa mwaka nachagua kumi na mbili, nawapelekea vijana wa steshenari hapahapa Kariakoo, wanapanga tarehe, wanachapa na kutia ringi. Siuzi. Nawapa ninaoshinda nao: mama lishe, mlinzi wa ghala, fundi cherehani, binti wa duka la vitenge.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiweke status tu. Status hufutika baada ya saa 24, na anayeiona huiona mbiombio, pengine na kijicho kidogo. Picha ya ukutani inakaa na mtu mwezi mzima mpaka wanazoeana. Kwanza anauliza ni wapi. Siku nyingine, bila kukumbushwa, anauliza nauli.

"Hivi dada, na sisi wanaturuhusu kuingia?" Mama lishe aliniuliza hivyo mbele ya picha ya tembo wa Hifadhi ya Mikumi. Sikushangaa. Kwa miaka mingi picha za nchi yetu zimepigwa kwa ajili ya mgeni. Hata Royal Tour, filamu aliyoshiriki Rais Samia Suluhu Hassan, ilizinduliwa New York mwaka 2022 kabla ya kuonyeshwa nyumbani. Silaumu, mgeni ndiye mwenye dola. Lakini yule mlinzi wa ghala hupita Mikumi kila Desemba akienda kwao Mbeya, barabara kuu inaikata hifadhi katikati, twiga wanaonekana dirishani, na bado alikuwa anaamini pale ni kwa wazungu.

Kwa hiyo picha zangu zina watu, na zina vumbi. Machweo sipigi, ya kila mtu yanafanana. Nilipotoka Kilwa Kisiwani niliweka magofu ya Msikiti Mkuu, ambayo pamoja na ya Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Watu waliyapita. Walichokodolea macho ni picha ndogo ya pembeni, bibi mmoja anapanda mashua, viatu mkononi. "Kumbe hata wazee wanaenda!" alisema fundi. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu: basi unapandia Mbagala, unashuka Kilwa Masoko, kibali unachukua kabla ya kuvuka, na nauli niliyolipa mwenyewe. Maandishi hayo ndiyo yanayosomwa kuliko kitu kingine chochote kwenye kalenda.

Halafu picha isikae kwenye mwezi wake. Maua ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, hunoga wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Ukiyaweka Februari, mtu atatamani tu. Yaweke Septemba, apate muda wa kudunduliza na kuomba ruhusa kazini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi husherehekewa Julai. Mimi huuweka Aprili. Sasa mama lishe na wenzake wanacheza mchezo wa safari, kijumbe ni yule binti wa vitenge, na masharti yao ni makali: anayepokea hanunui sufuria, anakwenda.

Shangazi yangu aliyeko Songea nilimtengenezea ya peke yake, Kariakoo tupu. Kwake huku ndiko utalii. Ukurasa anaoupenda ni paa la Soko Kuu, ile miavuli ya zege iliyosanifiwa na Beda Amuli, soko likafunguliwa mwaka 1975. Picha hiyo niliipiga kabla ya soko kuungua Julai 2021. Wengi wetu tulipita chini yake miaka na miaka tukiwa na vikapu, macho kwenye bei ya nyanya.

Ukitaka kujaribu, picha zako usiwatumie wachapaji kwa WhatsApp hivihivi, ubora unapotea; peleka kwenye flashi. Sikukuu za Idi andika kwamba zinategemea mwandamo wa mwezi, usije ukagombana na watu. Na uwahi. Novemba ikishaanza kuzeeka, mashine za Kariakoo zinachapa kalenda za makampuni, na mwenye nakala chache anaambiwa arudi kesho.