Ushauri Usiotekelezeka ni Deni la Nani?

Kila mwanafunzi wa uuguzi ninayempokea hapa Rhonda, mtaa wa Nakuru, huja na ushauri uleule: kunywa maji mengi, usibane mkojo, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Ni ushauri wa kweli. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na bakteria wa E. coli wanaotoka njia ya haja kubwa hawana safari ndefu kufika kibofuni. Maji huwasukuma nje. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanyiwa wanawake 140 huko Bulgaria waliokuwa wakiugua maambukizi ya kibofu mara kwa mara, ulionyesha kuwa lita 1.5 za ziada kila siku zilipunguza maambukizi kwa karibu nusu.

Sasa ulete ushauri huo kwenye ploti zetu. Choo kimoja, vyumba vingi, kufuli mlangoni, na mtunza ploti mwenye ufunguo ameshalala. Mama mmoja mjamzito aliniuliza, "Sista, hayo maji nikiyanywa jioni, usiku nitayapeleka wapi?" Hubana hadi alfajiri, maana kile kinjia cha gizani anakiogopa kuliko homa. Na maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi. Ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi. Tazama meno ya kahawia ya watoto wetu. Tunapomwambia anywe zaidi, tunamwambia anywe yapi?

Swali langu basi si la kitabibu. Je, nina haki ya kumdai mtu wajibu asioweza kuutimiza? Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18, alishikilia kwamba wajibu haumfungi mtu asiye na uwezo wa kuutenda. Majirani zangu Waislamu wamelijua hilo tangu madrasa: mwisho wa Sura ya Al-Baqara unafundisha kuwa Mungu hampi mja mzigo uliomzidi nguvu. Mimi ni Mkatoliki, na katika Mathayo 23 Yesu anawakemea walimu wanaowatwika watu mizigo wasiyoigusa wao. Naamini maneno hayo yanatuhusu sisi wenye sare.

Tunyamaze basi? Hapana, huko ni kumdhulumu mara ya pili. Mama anayejua kwamba maambukizi ya kibofu yanaweza kupanda hadi kwenye figo, au kumletea uchungu kabla ya miezi kutimia, ana la kusema mbele ya mwenye ploti. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya maji safi na usafi wa mazingira. Lakini anayefundisha naye amejifunga kusaidia mafundisho yatekelezeke. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru haikuishia kuhubiri kuhusu floridi. Ilichoma mifupa ya ng'ombe ikapata mkaa wa kuchujia maji. Kwangu hiyo ni teolojia kamili, tena yenye moshi.

Ndiyo maana nataka mwanafunzi aulize kwanza nani anashika ufunguo wa choo, na aliandike jibu hilo kwenye kadi, karibu na dozi. "Na tukishaandika, Sista?" Tunakwenda kwa mwenye ploti mchana, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo, kuomba taa na ufunguo wa pili.