RAMADHANI, SIKU YA 9: Kinywa Chenye Waya, Mswaki wa Umeme na Funga Yako



 Allah azikubali funga zetu na visimamo vyetu.

Tafakuri ya leo imetokana na ujumbe wa sauti wa mama mmoja. Anasema: "Shekhe, binti yangu yuko kidato cha pili, ametiwa waya za kunyoosha meno. Daktari kamwambia apige mswaki kila baada ya kula, na tumemnunulia ule wa umeme. Sasa tangu tuanze kufunga, mchana hagusi mswaki kabisa, na daku akishakula anakimbilia kitandani. Eti anaogopa funga itabatilika. Na mjomba wake kamwambia mswaki wa umeme si sunna, atumie kijiti. Nimwambieje?"

Swali hili ni la wengi. Siku hizi kila darasa la madrasa lina vijana wawili watatu wenye waya, wenyewe wanaziita bresi. Na watu wazima pia wamo. Kwa hiyo tulijibu kwa utulivu, jambo moja moja.

*1. Kwanza, kutia waya kwenyewe kunafaa?*

Wapo wanaosema ni kubadilisha maumbile ya Allah. Jamani, tutofautishe. Kilichokemewa katika hadithi ni kuyachonga meno na kuyatenganisha kwa ajili ya urembo tu. Meno yaliyopandana, yanayozuia kutafuna au yanayomkata mtu shavu, hayo ni maradhi na yanatibiwa. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua yake vitani. Akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini hapa palikuwa na haja ya tiba. Wanavyuoni wamelitegemea tukio hilo katika tiba nyingi, za meno zikiwemo.

*2. Mswaki wa umeme na sunna*

Mjomba ana nia njema, na mti wa mswaki, yaani araki, ndio bora. Hilo hatubishani. Mtume (s.a.w.) aliupenda mpaka saa zake za mwisho. Alikuwa ameegemea kifuani kwa Bibi Aisha (r.a.), akautazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abi Bakr. Bibi Aisha akaufahamu ule mtazamo, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, naye akautumia. Mtu yuko katika sakarati na bado anataka kinywa chake kiwe safi!

Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafi wameandika kwamba sunna hii hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kinachoondoa uchafu. Hata kitambaa kigumu kimetajwa. Basi brashi, ya mkono au ya umeme, imo ndani ya maneno hayo ukiweka nia. Na kwa mwenye waya kuna jambo la ziada: kijiti hakipenyi vizuri pale waya unapopita juu ya jino, nyuzi zake hunasa, na ukikisukuma kwa nguvu unaweza kuupinda waya au kung'oa kibanio. Sunna ni usafi. Haikuja kumharibia mtu tiba yake.

Wazee wengine huuliza kuhusu nywele za nguruwe. Zamani brashi zilitengenezwa hivyo kweli. Tangu 1938 zikaingia za nailoni, na hizo ndizo tunazozikuta madukani leo kwa kawaida. Ondoeni wasiwasi.

*3. Kwa nini mwezi huu hasa una hatari kwa mwenye waya*

Hapa nawaomba mtulie kidogo. Ule ukoga unaojenga juu ya meno una vijidudu. Vikipata sukari vinatoa asidi, na asidi hiyo inakula gamba gumu la nje la jino. Kwenye meno ya kawaida ulimi na mate vinasaidia kusafisha. Kwenye meno yenye waya kila kibanio ni kona ya kujificha ukoga. Uchunguzi umeonyesha kwamba kando ya vibanio jino linaweza kuanza kupoteza madini yake ndani ya wiki 4 tu. Madoa meupe yanatokea, na mara nyingi hayaondoki hata waya zikishatolewa.

Wiki 4, ndugu zangu. Ramadhani ni siku 29 au 30.

Na tazama ratiba yetu. Mchana kwa saa 13 na zaidi hatunywi maji, mate yanapungua, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Usiku ni tende, kaimati za shira, visheti, uji wa sukari, juisi ya ukwaju, tunadonoa mpaka saa 5 usiku. Halafu daku, halafu kulala. Mzazi ametoa fedha nyingi, mtoto amevumilia maumivu mwaka mzima na zaidi, kisha mwezi mmoja wa uzembe unamwachia meno yaliyonyooka yenye madoa. Tena tunausingizia uchaji Mungu! Mali ni amana, na mwili ni amana.

*4. Je, kupiga mswaki kunafunguza?*

Hapana. Kinachobatilisha ni kukusudia kumeza kitu, si kukitia kinywani. Tunasukutua kwa udhu kila siku na funga zetu ziko salama. Ila yako mambo ya kuchunga:

▪️ *Dawa ya meno mchana.* Ladha peke yake haifunguzi. Ukiimeza yenyewe kwa kusudi, imefunguza. Kwa kuwa mswaki wa umeme hutoa povu jingi na kulirusha nyuma ya koo, mchana iache dawa. Itumie usiku.

▪️ *Maji ya brashi.* Lowesha, kung'uta, ndipo utie mdomoni. Mafakihi wametahadharisha juu ya unyevu wa mswaki ukimezwa. Washa mashine ikiwa tayari mdomoni, kichwa kiinamie sinki, tema unapoendelea.

▪️ *Baada ya jua kupinduka.* Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba ni makuruhu kwa aliyefunga kupiga mswaki kuanzia adhuhuri. Makuruhu, si haramu, na haifunguzi. Imam Nawawi mwenyewe ameipa nguvu kauli ya kutokuwa makuruhu. Kwa hiyo anayetaka kutoka katika khilafu apige kabla ya adhuhuri, na mwenye haja asilaumiwe.

▪️ *Mabaki ya chakula.* Ukikuta mchana kipande cha daku kimenasa kwenye waya, kitoe ukiteme. Kikiteleza chenyewe na mate bila uwezo wako, huna neno. Ukikimeza kwa makusudi ilhali unaweza kukitema, umefungua.

▪️ *Damu ya fizi.* Iteme. Mwenye kutokwa damu mara kwa mara asiyeweza kujikinga nayo, wapo wanavyuoni wetu waliomsamehe. Lakini ajue kwamba fizi zinazotoka damu kwa kawaida zinalilia usafi. Asiache mswaki kwa kuiogopa damu.

▪️ *Waya unaochoma.* Ile nta ya kufunikia ncha inaruhusiwa mchana. Tahadhari tu usiimeze.

Na harufu ya kinywa cha aliyefunga, ambayo mbele ya Allah inashinda miski? Wanavyuoni wameeleza kuwa hiyo inatoka kwenye tumbo tupu. Sambusa ya jana iliyooza nyuma ya waya haimo katika fadhila hiyo! Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu, na safu za tarawehe zimebanana.

*5. Ratiba ya usiku*

1️⃣ *Futari.* Fungua kwa tende kama ilivyo sunna. Tende mbichi laini ndiyo iliyotangulia katika sunna, na inamfaa zaidi mwenye waya. Toa kokwa kwa mkono, kisha kunywa maji. Kashata, karanga ngumu na kutafuna barafu, viache.

2️⃣ *Baada ya kumaliza kula usiku.* Huu ndio mswaki mkuu. Dakika 2 kamili, dawa yenye floridi. Mashine nyingi zinahesabu zenyewe na kukushtua kila sekunde 30 uhamie upande mwingine. Usisugue kama unavyofanya kwa brashi ya mkono. Iweke, iache ifanye kazi, isogeze jino kwa jino: kwanza juu ya waya ukielekeza kwenye fizi, kisha chini ya waya, kisha ndani. Usikandamize. Ile brashi ndogo nyembamba ipitishe chini ya waya. Tema povu, usisukutue sana, ibaki floridi ifanye kazi usiku. Baada ya hapo, maji tu.

3️⃣ *Baada ya daku.* Sunna ni kuichelewesha daku, lakini si mpaka mdomo uko kazini huku muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Zayd bin Thabit (r.a.) alieleza kwamba baina ya daku ya Mtume (s.a.w.) na sala palikuwa na kadiri ya kusoma aya 50. Nafasi hiyo inatosha kupiga mswaki wa dakika 2 na kusukutua vizuri. Vitu vichachu usivifanye vya mwisho, malizia na maji.

Wanaotumia zile plastiki angavu za kuvaa na kuvua: daktari huwa anataka zikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Mchana wa funga unakusaidia. Usiku usizivue magharibi ukazirudisha alfajiri. Kula, safisha, vaa.

Na kichwa cha brashi kibadilishwe nyuzi zikichanuka. Kwa kawaida ni miezi 3, kwa mwenye waya huwahi zaidi. Mashine moja ya nyumba si tatizo, ila kila mtu awe na kichwa chake.

*6. Asiye na uwezo asihuzunike*

Mswaki wa umeme si wajibu. Mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane, mwaka 2014, yalionyesha kwamba kwa matumizi ya zaidi ya miezi 3 unapunguza ukoga kwa asilimia 21 kuliko wa mkono. Ni faida, lakini wa mkono wenye nyuzi laini, ukitumika kwa makini na muda wa kutosha, unafanya kazi. Umeme ukikatika pia, usilale na uchafu kwa kisingizio cha chaji. Wazazi, msikope ili kumwiga jirani. Na vijana, msimcheke mwenzenu kwa waya zake wala kwa brashi yake.

*7. Funzo la nafsi*

Nilimuuliza daktari: chuma chembamba namna ile kinausogezaje mfupa? Akasema siri si nguvu. Waya unasukuma kidogo tu, lakini hauachi, usiku na mchana. Upande mmoja mfupa unapisha, upande wa pili unajengeka mpya. Ukikaza kupita kiasi unaumiza mzizi. Nikaikumbuka ile hadithi kwamba amali apendazo zaidi Allah ni zile za kudumu, hata zikiwa chache.

Ramadhani inatunyoosha hivyo hivyo. Juzuu moja kwa siku, rakaa mbili kabla ya daku, ulimi unaozuiwa mara moja, mara ya pili, mara ya mia. Tusijikaze siku tatu za mwanzo kisha tukalegea kumi la kati.

Akaniambia na la pili: siku waya zinapotolewa, kazi haijaisha. Anavalishwa kifaa cha kuyashikilia meno, maana meno yana tabia ya kurudi yalikotoka. Wengi hukivaa wiki moja, wakakitupa kabatini, na baada ya miaka wanarudi kwa daktari. Ndugu zangu, Shawwal yetu ikoje? Tuanze leo, siku ya 9, kuchagua amali moja ya kutushikilia baada ya Idi.

Na kinywa hiki tunachokisafisha kwa dakika 2, tusikirudishe kwenye kusengenya kwa saa 2. Ukoga wa kusengenya hautolewi na brashi yoyote.

*Kazi ya leo:* mzazi mwenye mtoto mwenye waya, usiku huu simama naye kwenye sinki dakika 2. Usimkaripie. Mwambie anapiga mswaki kwa nia ya sunna, apate thawabu na meno yake yasalimike.

Ewe Allah, visafishe vinywa vyetu kwa dhikri yako, nyoyo zetu kwa ikhlasi, na miili yetu kwa afya. Waponye wagonjwa wetu, wabariki watoto wetu, na ututhibitishe baada ya Ramadhani kama ulivyotuthibitisha ndani yake. Amin.

Mfikishie mwenye mtoto mwenye waya. Kesho, in shaa Allah: haki ya jirani wakati wa futari.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.