Mahali Hapa ni pa Nani?



Mtu akikaa mahali pa mwenzake kwa miaka arobaini, bila hati wala kodi, naye mwenye mahali akimwona na kunyamaza, je, amepata haki yo yote? Na siku mwenye mahali atakapotaka kupatumia kwa jambo jema, yatosha kumwambia, "Ondoka hapa, nenda pale"? Swali hili ni la zamani kama hati na kuta. Safari hii tumelikuta tusipolitazamia, kwa vijana wachezao ubao wa magurudumu, yaani sketibodi, chini ya jumba moja la muziki huko London.

Yafaa kwanza tueleze mahali penyewe. Upande wa kusini wa mto Thames lipo jumba liitwalo Queen Elizabeth Hall, lililofunguliwa mwaka 1967. Ndani watu hukaa kimya wakisikiliza vinanda. Chini yake wajenzi waliacha nafasi kubwa ya zege, yenye nguzo nene na miteremko, isiyo na kazi maalum. Pana paa, kwa hiyo mvua haiwafikii waliomo. Mapema katika miaka ya 1970 vijana wenye mbao zao walipagundua, wakaiona ile miteremko kana kwamba ilijengwa kwa ajili yao. Wakaanza kucheza, wala hawakuondoka tena.

Huenda mtu akasema kwamba huo ni mchezo wa watoto tu. Lakini mchezo huu una tabia yake. Mara nyingi hauna timu, wala mwamuzi, wala mshindi. Kijana huzitazama ngazi ambazo sisi twazipanda huku tukiwaza mengine, naye hujiuliza: nitazirukaje? Hujaribu, akaanguka, hujaribu tena, akaanguka tena, pengine kutwa nzima. Rafiki yake humfuata na kamera, mara nyingine naye akiwa juu ya ubao, ili ile mara moja atakayofaulu isipotee.

Ndiyo maana mchezo huu umeshikamana na filamu. Mwaka 1984 kampuni ya Powell Peralta ya California ilitoa kanda yake ya kwanza ya video, na baada yake zikafuata nyingi. Spike Jonze, aliyepiga kanda iitwayo Video Days mwaka 1991, baadaye akawa mtengenezaji mashuhuri wa filamu, akapata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Tena chini ya mbao huchorwa picha, na wachoraji kadhaa walianza kujulikana kwa kazi hiyo. Picha hizo hukwaruzika na kufutika kadiri ubao utumikavyo, wala mwenyewe hasikitiki, maana ubao usiokwaruzika ni ubao usiochezewa.

Kwa njia ya kanda hizo kijana wa Tokyo huzijua nguzo za London kabla hajazitia machoni. Ndipo hutamani kusafiri. Huko Barcelona, Hispania, lipo jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa lililofunguliwa mwaka 1995. Vijana hutoka nchi nyingi kuja kwenye uwanja uliopo mbele ya mlango wake, kwa ajili ya sakafu laini na kingo za mawe, na wengine hurudi kwao bila kuingia ndani. Hata huku Afrika Mashariki mchezo umefika: mwaka 2006 vijana wa Kitintale, mjini Kampala, walipata uwanja wa zege uliojengwa kwa mikono, wa kwanza wa namna hiyo nchini Uganda.

Sasa turudi London. Mwezi wa Machi 2013 Southbank Centre, kituo cha sanaa chenye jumba lile, kilitangaza mpango wa pauni milioni 120 wa kupanua majengo yake, ili wapatikane nafasi zaidi wanamuziki na watoto wanaojifunza sanaa. Sehemu ya fedha ingetokana na maduka na mikahawa, na maduka hayo yangewekwa pale chini, wanapochezea vijana. Wenyewe hawakufukuzwa hivi hivi. Waliahidiwa mahali papya chini ya daraja la Hungerford, umbali wa mita 120 tu, patakapotengenezwa kwa ajili yao.

Tukiri kwamba tuliposikia habari hii kwanza, tulikuwa upande wa wenye jumba. Mali ni yao, na nia yao haikuwa mbaya. Vijana hawakuwa wakilipa hata senti. Wana kelele, tena mzee apitaye na fimbo yake ana haki ya kuuogopa ubao unaomjia kasi. Na badala ya kutupwa nje, wanapewa pengine, hatua chache tu. Mtu wa haki angefanya nini zaidi?

Lakini vijana walikataa, wakashika ule usemi wa wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Walisema kwamba mahali pale hapakujengwa kwa ajili ya mchezo wao, na hiyo ndiyo thamani yake. Uwanja uliotengenezwa humwambia mchezaji afanye nini. Mahali palipogunduliwa humwacha abuni mwenyewe. Tena walimu wao walianguka pale pale, na walimu wa walimu wao. Basi waliweka meza pale chini, wakakusanya sahihi za wapita njia, wakatengeneza filamu za kueleza shauri lao. Pingamizi zaidi ya 27,000 zilipelekwa kwa halmashauri ya Lambeth. Januari 2014 Boris Johnson, aliyekuwa meya wa London, alisema wachezaji wabaki walipo, na mpango ukawekwa kando. Septemba mwaka ule ule pande mbili zilitia sahihi mapatano ya kupahifadhi. Mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ikafunguliwa tena, baada ya wale waliopingana kuchangisha fedha pamoja.

Je, vijana walikuwa na haki, au walikuwa na wingi wa sauti tu? Hapa sisi tumesaidiwa na jambo la kwetu. Wazee wa pwani walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao. Baraza ni ya mwenye nyumba, hakuna abishaye. Hata hivyo majirani huketi pale jioni, hucheza bao, hupeana habari za harusi na za misiba. Mwenye nyumba akiibomoa ili aweke duka, hakuvunja sheria. Lakini mtaa mzima utajua kwamba kimeondoka kitu kisichoandikwa katika hati. Naye akiwaambia, "Iko baraza nyingine njia ya pili," amewaonyesha mawe. Ile miaka waliyokaa pamoja haihamishiki.

Kwa hiyo twaona kwamba mahali huwa na vitu viwili. Kuna mawe, nayo ni ya mwenye hati. Kuna na yale ambayo watu wameyaweka juu ya mawe kwa kukaa, kujaribu na kufundishana, nayo hayauzwi, kwa kuwa hakuna aliyeyanunua. Hatusemi kwamba kila aliyekaa sana asiondolewe kamwe. Yatupasa kuuliza: je, aliwadhuru wengine? Alipatunza? Aliwakaribisha wageni, au alijifungia peke yake? Aliyejibu vema hayo hajawa mwenye mali, lakini amestahili kuulizwa kabla ya ramani kuchorwa.

Wapo waliolitambua hilo. Mjini Philadelphia, Marekani, ipo bustani ya mjini iitwayo LOVE Park, iliyomalizika mwaka 1965 na kupata sifa duniani kwa ajili ya wachezaji wa ubao. Wakuu wa mji wakaupiga marufuku mchezo huo. Edmund Bacon, ambaye bustani ile ilitokana na wazo lake alipokuwa mwanafunzi, alikwenda pale mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 92, akapanda ubao huku ameshikwa mikono asianguke, ili kuonyesha kwamba hakubali. Hakuwa amewawaza wachezaji alipopanga bustani ile, lakini alipowaona hakuona wizi. Hata hivyo hakusikilizwa. Mwaka 2016 bustani ile ilibomolewa na kujengwa upya.

Bado limebaki jambo moja linalotusumbua, nasi hatutaki kulificha. Watoto ambao wangejifunza sanaa katika majengo yale mapya ya London hawakuweka meza wala hawakukusanya sahihi, maana hawakujua kwamba wamepungukiwa na kitu. Aliye mahali hupaza sauti. Yule ambaye angekuja hana sauti. Haki ya wa kwanza isitufanye tumsahau wa pili.

Nasi pia, wasomaji wapendwa, tuna ukumbi wenye ngazi, na ua wenye kivuli, na wapo wanaokaa pale wasiokuwa katika orodha yo yote. Siku tutakapotaka kuandika "Marufuku" ukutani, twende kwanza tukaketi nao jioni moja, tuone wanafanya nini.